Vifo Thelathini na Kimoja vya Kurunzi

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa koo ameniamuru nipunguze kusema. Mimi, nipunguze kusema. Basi yatakayobaki nitayamwaga humu daftarini.

Nianze na kazi yangu, maana hata dada yangu haielewi vizuri. Mimi ni sauti ya Kurunzi. Katika ile michezo ya kompyuta ya upelelezi, Kurunzi ni yule msichana anayemfuata Mpelelezi hatua tatu nyuma, kashika tochi na mkoba. Kazi yake ni kusema "Bosi, tazama hapa" na kufungua milango iliyomshinda mkubwa wake. Michezo mitatu, miaka sita, na kwenye jalada bado nimechorwa mgongo.

Leo wametugawia hati ya mchezo wa nne. Kurunzi anakufa. Tena si mara moja. Mchezaji akimwacha nyuma muda mrefu, anauawa. Mchezaji anasikia yowe kutoka chumba cha pili, na mchezo unaanza upya. Nimehesabu vifo thelathini na kimoja. Kuchomwa kisu mara moja kuko ukurasa wa nne na kuchomwa mara nyingi ukurasa wa tano, kwa sababu Mwongozaji anasema sauti zake hazifanani.

Nilipowasomea nyumbani, Dada alicheka mpaka akashikilia cherehani yake asianguke. Shemeji, mumewe, akasema mimi ni mtu wa kwanza katika ukoo kuajiriwa kufa. Sikuwa na mbavu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Paa la studio ni la bati, ikinyesha hatusikii hata mawazo yetu. Nimekufa mara mbili tu kutwa nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi Sauti ameniazima kinasa sauti nikafanyie mazoezi nyumbani. Nijifungie kabatini katikati ya nguo, au nisimame nyuma ya mlango, maana mchezaji anatakiwa kunisikia kupitia ukutani. Nikasema majirani wataita polisi. Shemeji akaniambia niache hilo kwake.

Na kweli, jioni hii amepita mlango kwa mlango, kuanzia chini mpaka ghorofa ya sita, akiwaambia: mkisikia mayowe kwetu msihangaike, ni mdogo wa mke wangu yuko kazini. Jengo zima linamsikiliza. Yeye ni fundi wa lifti, na ya kwetu huitengeneza bure kila inapokwama, na mara nyingine huwabebea wazee mizigo. Mtu wa watu. Mungu akinipa mume nusu yake, nitashukuru.

Jumapili, 10 Machi

Nimezama mara nne kwenye beseni. Nina mafua.

Jumatano, 13 Machi

Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili kanisimamisha ngazini. Mama huyu alisahihisha madaftari miaka thelathini na minane na hajui kuacha. Anasema mayowe yangu huyasikia yote na ameanza kuyapa alama. La jana saa tano, sita kwa kumi, limetoka kooni badala ya tumboni. Nikamshukuru. Nani mwingine anayenisikiliza hivyo?

Jumatatu, 18 Machi

Kifo cha kumi na moja, kunyongwa. Sauti yangu haikumridhisha Mwongozaji. Mara ya saba akaingia mwenyewe chumbani, akanizungushia taulo shingoni kwa nyuma akavuta. "Kidogo tu," alisema, "upate kumbukumbu ya mwili." Niliona nyota. Nilimkanyaga mguu kwa kisigino mpaka akaachia, na sauti tulipata. Baadaye akaniletea chai.

Nyumbani Dada akanipaka dawa ya kuchua. Alama ilikuwa nyekundu, upana wa vidole viwili. Mikono yake ilitetemeka, nikamwambia mbona unaogopa wewe na shingo ni yangu. Akaniuliza kama yule mtu aliomba radhi baadaye. Nikasema ndiyo, na chai juu.

"Ndivyo wanavyofanya," akasema, akafunga kikopo cha dawa.

Ijumaa, 22 Machi

Jicho la Dada limevimba na kuvilia damu. Mlango wa kabati. Nimemwambia mimi naumia kwa mkataba, yeye anaumia bure. Hakucheka.

Alhamisi, 28 Machi

Mwalimu amenipa tisa kwa kumi. Haijawahi kutokea. Anasema yowe la jana saa kumi alasiri lilimfanya asimamishe kijiko hewani. Nikamwambia jana saa kumi nilikuwa studio nikiungua moto, si mimi. Akanipiga begani na kusema unyenyekevu ni tabia njema. Uzee huo, nikajisemea, siku zimemchanganyikia.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Koo limekauka, nimetoka kwenda duka la dawa. Kurudi, nimekuta kinasa sauti bado kinanasa kitandani. Akili zangu. Nimempelekea Fundi Sauti kadi nzima ya kinasa kama ilivyo, achague mwenyewe. Dada alikuwa kwenye cherehani, akaniuliza kama dawa nimepata.

Ijumaa, 5 Aprili

Nitaandika polepole.

Nilipoingia studio Mwongozaji alinipigia makofi. Kifo cha kumi na tisa, kupigwa hadi kufa nyuma ya mlango uliofungwa, kimepatikana. Sisi tulidhani kitatutoa jasho wiki mbili. Akasema umbali wake ni halisi, ukuta unasikika, mvua iko mahali pake, hajawahi kufanya kazi na mtu mwenye kipaji kama changu. Fundi Sauti akaniuliza yule mwanaume ni mwigizaji gani, na kwa nini sikumtaarifu kwamba namleta mwenzangu.

Nikasema mwanaume yupi. Akanivisha hedifoni.

Kwanza nilijisikia mwenyewe, yowe moja, la pili, kikohozi. Mlango nikiufunga kwenda dukani. Kisha mvua tu, muda mrefu. Kisha mlango wa mbele, na viatu. Kisha kishindo, kama gunia limetupwa sakafuni, na yowe.

Yowe lile nimelisikia mara moja tu maishani, siku mama yetu alipofariki, mimi nikiwa na miaka tisa na Dada kumi na tisa. Halafu sauti ya mwanaume, ya chini, haina hata hasira: "Lia tu. Lia. Watajua ni mdogo wako." Na kishindo kingine. Nilihesabu sita. Kati ya cha nne na cha tano alimwita kwa jina la mapenzi, lile analomwitia mezani mbele yetu sote.

Halafu kimya. Halafu cherehani ikaanza kushona.

Halafu mlango, na mimi nikiingia, na sauti yake: "Dawa umepata?"

Nilitapika kwenye ndoo ya takataka ya Mwongozaji. Nilipoweza kusema, nikasema hicho hakiingii kwenye mchezo, si changu. Mwongozaji akasema kimo kwenye kadi yangu, kwenye kinasa chao, kwa hiyo kitaingia. Nikamwambia akikiingiza nitamng'oa ulimi kwa mkono wangu. Nilikuwa naongea taratibu kabisa. Nilipokuwa natoka Fundi Sauti akanifuata mlangoni, akaniwekea nakala mkononi. Alisema kile cha kwenye orodha amekwisha kukiondoa, na kwamba anaomba radhi, alidhani ni maigizo.

Kila mtu anadhani ni maigizo. Nimewafundisha mimi.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemsubiri Shemeji atoke, nikafunga mlango, nikamwambia Dada najua, yowe lake nimelisikia. Akasema aliona panya. Nikamwekea kinasa sauti mezani, juu ya kitambaa alichokuwa anakishona, nikakiwasha. Hakusikiliza sekunde tano. Alikizima kwa kiganja, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempiga.

"Mimi ndiye niliyekulea," akasema. "Nimekupigania ukasoma, nimekula mkate mkavu wewe ukanywa maziwa. Usije ukanifundisha ndoa yangu."

Nikamwomba tuondoke, hata kesho, hata na cherehani tu. Akasema tukienda wapi, na tukiwaambia watu nini. Jengo zima litamwamini nani, yeye au yule anayewashushia na kuwapandishia mizigo kila siku? Mwisho akanishika mikono yote miwili akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Nikaapa. Mjinga mimi, nikaapa.

Jumanne, 9 Aprili

Shemeji amesimulia mezani kisa cha tajiri aliyekwama lifti akiwa na mbwa. Nimecheka. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba sikucheka.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Sifanyi tena mazoezi nyumbani.

Jumanne, 16 Aprili

Kifo cha ishirini na tatu, kusukumwa kutoka paani. Nimeanguka kwenye magodoro mara kumi na nane na kung'ata ulimi, damu kidevuni. Mwongozaji kasema tuendelee, damu haisikiki.

Mwalimu kanikuta ngazini akasema nimekuwa mvivu, wiki nzima kimya, ila jana mchana nimejitahidi. Jana mchana nilikuwa studio. Nikakumbuka kiapo. Nikapanda zangu na aibu yangu. Dada alikuwa akitembea kashika ubavu, anasema ni baridi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi namfulia na mashati.

Jumatano, 24 Aprili, na naandika tarehe 29

Wameniachia kwa dhamana. Daftari nimelikuta kwa Mwalimu. Nitaandika yote kama yalivyokuwa, kwa sababu nimeyasimulia mara tano kwa watu waliokuwa wakiangalia saa.

Mvua ilikata umeme studio, tukarudishwa saa nane. Lifti ilikuwa imekwama, na fundi wake alikuwa mapumziko. Nikapanda kwa miguu, nimelowa chapachapa. Ghorofa ya pili nikamkuta Mwalimu kasimama mlangoni pake, macho kafumba, kichwa kakiinamisha upande kama anasikiliza imla. Juu yetu kulikuwa na yowe. Akawa anatikisa kichwa kukubali. "Nane," akasema, "nane na nusu." Akafumbua macho akaniona.

Alitazama juu. Akanitazama mimi, mdomo wangu umefungwa, maji yananichuruzika. Yowe likaja tena.

"Kama wewe uko hapa," akasema, "huyo ni nani?"

Nilikimbia. Nyuma yangu nilimsikia akianza kupanda, lakini Mwalimu ana magoti mabovu na zilibaki ghorofa mbili. Nilikosea tundu la ufunguo mara mbili. Niliposukuma mlango, Shemeji alikuwa kamshika Dada nywele kwa mkono wa kushoto, anamgongesha uso kwenye ukingo wa meza ya cherehani, na kila akigonga anamwinua kumtazama, kama fundi anayepima kazi yake. Sakafuni kulikuwa na jino. Dada alikuwa hapigi yowe tena. Akamwachia aanguke, akamkanyaga ubavuni kwa kisigino, na nikasikia ubavu ukivunjika. Mimi hukaa siku nzima na watu wanaotafuta sauti ya mfupa ukivunjika, wanavunja karoti na vijiti. Haifanani hata kidogo.

Akageuka akaniona, na uso wake ukabadilika kuwa ule wa kila siku. Akaanza kusema, "Shemeji, umewahi kurudi."

Pasi ilikuwa juu ya meza ya kunyooshea, ya moto, Dada alikuwa akinyoosha mapazia. Niliichukua nikampiga nayo. Ya kwanza ilimpata sikioni, ikamchana na kumuunguza kwa pamoja. Akanikamata koo akanibana ukutani, na niseme kweli, taulo la Mwongozaji lilikuwa mchezo wa watoto. Hakuna sauti inayotoka, hiyo ndiyo kumbukumbu ya mwili. Nikampiga goti, akalegea, nikampiga pasi usoni, kwenye meno, na alipopiga magoti nikampiga begani mpaka nikasikia kitu kimeachia. Nilikuwa nataka kumuua. Sikuwa nimepandwa na wazimu, nilikuwa natafuta mahali pa kupiga tena.

Hapo ndipo Mwalimu alipofika mlangoni. Aliona nini? Mwanaume kapiga magoti, damu, mikono juu ya kichwa. Mimi nimesimama juu yake na pasi. Dada sakafuni chini ya meza, na kigoda kimepinduka.

Shemeji ndiye aliyewahi kituo cha polisi, huku sikio linavuja. Alisema mkewe alianguka kwenye kigoda akitundika mapazia, na kwamba mimi, ambaye nimekuwa si mzima kichwani tangu nianze kazi ya vifo, nilimvamia akimhudumia. Dada aliulizwa hospitali.

"Nilianguka," akasema.

Alhamisi, 2 Mei

Nalala kwa Mwalimu. Amewaambia polisi alichokiona, hakuongeza wala kupunguza, na alichokiona ni mimi na pasi; mayowe aliyoyasikia wamesema ni ya mtu aliyeanguka. Alirudi analia. Anasema maisha yake yote amewafundisha watoto waandike walichokiona tu, na leo amemwangamiza mtu kwa kanuni hiyo. Nikamwambia hajaniangamiza yeye. Wote wawili tulikuwa hatuna hamu ya kula.

Jumatatu, 6 Mei

Mpelelezi wa kweli hana koti refu. Ana mafua na meza yenye mguu mmoja mfupi. Nilimpelekea nakala, na Fundi Sauti akaja kuthibitisha siku na saa. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanisomea maelezo ya Shemeji: "Huyu kazi yake ni kupiga mayowe na kunaswa. Na huyo wa kumthibitisha ni mfanyakazi mwenzake. Muulizeni."

Akaniomba nipige yowe hapo hapo, alinganishe. Nilipiga. Mimi na Dada ni damu moja, koo moja, na mimi ni mtaalamu. Akatikisa kichwa. Hakuona tofauti, na ile ya mwanaume alisema ni ya chini mno kutambulika.

Kwa mara ya kwanza nikakilaani kipaji changu.

Kaniambia kuwa mashtaka yangu ni ya kumdhuru mtu kwa kukusudia, na kwamba ni miaka, si miezi. Jumanne ijayo atatuita wote, halafu jalada linakwenda mahakamani.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda hospitali. Mbavu tatu, jino, mfupa wa shavu. Shemeji alishafika kabla yangu, ameacha maua na chupa ya chai. Dada anasema akiruhusiwa atarudi nyumbani. Nikamwambia mimi nitafungwa. Akageukia ukutani. Nilimchukia, niandike wazi, nilimchukia dada yangu kuliko nilivyomchukia yule. Nilitoka bila kuaga.

Jumapili, 12 Mei

Mvua zimeanza kupungua. Mwongozaji ameniandikia kuuliza lini nitamalizia vifo nane vilivyobaki.

Jumanne, 14 Mei

Chumba kilikuwa kidogo. Mpelelezi mezani, mimi upande huu, Shemeji upande ule na bandeji ya sikio, mkono umening'inizwa. Mwalimu na Fundi Sauti walikuwa nje kwenye benchi, mlango wazi. Dada aliletwa wa mwisho, anatembea kama aliyebeba mayai kifuani. Shemeji akasimama kumvutia kiti. Akamwita lile jina la mapenzi.

Mpelelezi akamwambia Dada swali ni moja tu. Akawasha kinasa. Safari hii Dada hakuwa na pa kuweka kiganja, akasikiliza. Kishindo, yowe, ile sauti ya chini. Vyote sita. Mimi nilimtazama yeye tu. Cherehani ilipoanza kushona mle ndani, alifumba macho.

Mpelelezi akauliza ni sauti ya nani.

Shemeji akajibu kwa upole kwamba mkewe amechoka, na kila mtu anajua kazi ya shemeji yake. Dada akanitazama. Miaka ishirini ananitazama, najua macho yake ya kukemea, ya kuomba, ya njaa. Haya sikuyajua. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba asiponisemea nitamwelewa. Nilikuwa naongopa, nisingemwelewa.

Akashika ukingo wa meza. Akasimama, mkono mmoja umekumbatia mbavu. Nikadhani anaondoka.

Akapiga yowe.

Lilitoka chini kabisa, likapasuka katikati pale mbavu zilipomkata, na hakuacha, akalivusha, likaendelea mpaka pumzi ya mwisho. Milango ya korido nzima ikafunguka. Askari watatu wakaingia mbio, mmoja bunduki mkononi. Mwalimu alikuwa kaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Fundi Sauti akasema, hakuulizwa na mtu, "Ndilo hilo." Nililolipiga mimi Jumatatu ile lilikuwa kazi nzuri. Hili halikuwa kazi, na Mpelelezi alikuwa kashaiacha kalamu.

Shemeji alikuwa anatabasamu bado, akiwageukia askari mmoja mmoja, ila hakuna aliyekuwa anamtazama.

Dada akakaa. Jasho lilimtoka, damu kidogo pembeni mwa mdomo. Akavuta pumzi fupi fupi mpaka akapata ya kusemea.

"Hilo la kwenye kinasa ni langu," akamwambia Mpelelezi. "Andika. Naanzia mwaka wa kwanza."

Mpelelezi akapenga kamasi, akachukua karatasi mpya.